Tabaka la Saba

Nóirín Talty alikuwa kwenye foleni ya duka la nyama katika mji wa Galway aliposikia kwamba kiti cha profesa alichokuwa akikingojea kwa miaka mingi kimepewa binamu yake. Hakuambiwa na mkuu wa idara. Aliambiwa na mama yake mzazi, kwa simu, tena kwa furaha.

"Umesikia habari njema?" mama aliuliza. "Sorcha anarudi nyumbani! Profesa! Hapo hapo chuoni kwako!"

"Nimesikia," Nóirín akasema, na huo ulikuwa uongo.

"Mtakuwa mnakunywa chai pamoja kila siku. Raha iliyoje!"

"Raha kubwa, Mama."

Akalipia soseji, akatoka mvua ikinyesha, akafika nyumbani ndipo akagundua kwamba soseji zenyewe ameziacha juu ya kaunta.

Wivu huo haukuzaliwa siku hiyo. Ulikuwa na umri karibu sawa na wake. Sorcha Marrinan alikuwa mtoto wa mjomba wake, na walikulia pamoja Kilbaha, kule rasi inakoishia na kuiachia bahari mahali pake. Mama yake Sorcha alifariki mtoto akiwa mdogo, na baba yake alikuwa dereva wa lori la ng'ombe, leo mnada huu, kesho mnada ule. Basi Sorcha akawa anakula kwa kina Talty, analala kitanda kimoja na Nóirín, anavuta blanketi lote upande wake. Walipopokea Komunyo ya kwanza, Mama Peig, mama yake Nóirín, alimshonea Sorcha gauni lenye lesi shingoni na mikononi. La Nóirín lilikuwa jeupe tu. Aliuliza kwa nini, akaambiwa nyamaza, lesi imekwisha.

Hata majabali yalikuwa yake kwanza. Yeye ndiye aliyeokota, akiwa msichana wa shule, kombe ya mnyama wa bahari ya kale iliyogeuka jiwe, imejiviringa kama kamba iliyokunjwa vizuri, chini ya genge la Poulnagarra, ule ukuta wa mwamba ulio ufukoni, akamwonyesha Sorcha huku moyo ukimdunda. Sorcha aliitazama, akasema, "Lo, kumbe ni nzuri," na kuanzia siku hiyo akawa naye anaziokota. Wote wawili walisoma jiolojia. Wote wawili walipata udaktari. Kisha baba yake Nóirín akapatwa na kiharusi, Nóirín akabaki kumuuguza. Sorcha akaenda Uholanzi, akaanza kuandikwa magazetini. Mama Peig alikata picha yake gazetini akaibandika kwenye mlango wa friji, na kila Nóirín alipofuata maziwa alikutana na meno ya Sorcha.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, Sorcha alikuja kula. Mama Peig alipika nyama ya nguruwe ya chumvi, kabichi na viazi vya kutosha kulisha parokia nzima. Walipomaliza, mama akajifuta mikono kwa aproni.

"Haya, binti, nieleze hiyo kazi yako. Maana huyu wangu ananieleza kila mwaka na hainiingii kichwani."

Nóirín akaendelea kukusanya sahani.

"Ni rahisi, Shangazi," Sorcha akasema. "Dunia inalizunguka jua, sivyo? Lakini njia yake haiwi ile ile siku zote. Kuna wakati ni duara kama hii sahani, kuna wakati inavutika kidogo, inakuwa kama yai. Na dunia yenyewe inayumba, kama pia inayokaribia kuchoka."

"Enhe."

"Ikiyumba hivyo, jua linazipiga ncha za dunia mara kwa nguvu, mara kwa unyonge. Likiwa nyonge, theluji ya majira ya baridi haiyeyuki yote. Inajilundika mwaka hadi mwaka, mpaka inakuwa barafu nene kama milima. Sasa nikuulize, maji ya barafu yote hiyo yametoka wapi?"

"Yatoke wapi kama si baharini?"

"Umepata! Bahari inashuka. Mito inasukuma mchanga mpaka pale palipokuwa na samaki. Baada ya miaka elfu na elfu jua linapata nguvu, barafu inayeyuka, bahari inapanda tena, inaufunika mchanga kwa tope jeusi lenye kombe. Halafu inashuka tena. Inapanda tena. Genge lenu lote pale Poulnagarra ni hadithi hiyo moja: bahari imekuja, bahari imekwenda."

Mama Peig akacheka mpaka akashika mbavu. "Kama baba yako na pombe! Kaacha, karudi, kaacha, karudi!"

Sorcha ndiye aliyecheka kuliko wote. Nóirín alisimama kwenye sinki, maji ya moto yakimuunguza vidole. Mfano wa yai ulikuwa wake. Na mfano wa pia ulikuwa wake. Alikuwa ameisema mezani pale pale, kwa maneno yale yale, na mama yake alikuwa akipiga miayo.

Baadaye Sorcha alimfuata nje kwenye banda la kuni.

"Nóirín, nakuhitaji," akasema, safari hii bila kicheko. "Kila aliyewahi kupima Poulnagarra amehesabu matabaka meusi sita. Mimi nimepiga picha kwa ndege isiyo na rubani, naona saba. Moja liko juu kabisa, karibu na majani, limejificha. Yakiwa saba, mapigo ya bahari yanalingana sawasawa na yale mapigo mafupi ya njia ya dunia, kila inapovutika na kurudi duara. Yanaingia kama ufunguo kwenye kitasa. Unajua maana yake?"

Nóirín alijua. Maana yake ilikuwa jina. Ilikuwa genge lao kutajwa darasani dunia nzima, na kando yake jina la Marrinan.

"Kapande uliangalie, si una miguu?"

Sorcha akatazama huku na huku, kisha akapunguza sauti. "Siwezi. Ile homa ya mwaka juzi iliniharibu sikio la ndani. Nikipanda juu ya ngazi tu, kila kitu kinazunguka. Hakuna ajuaye chuoni. Watasema nini, profesa wa majabali anaogopa majabali? Ninakuamini wewe. Macho yako nayaamini kuliko yangu."

Mtu mwingine angefarijika kuambiwa hivyo. Nóirín alichosikia ni kwamba kiti amenyimwa yeye, akapewa mtu asiyeweza hata kupanda.

Walikwenda mwezi wa Aprili, maji yalipokupwa. Sorcha alibaki chini ufukoni, kofia ngumu ya manjano kichwani, na Nóirín akapanda kwa kamba iliyofungwa juu kwenye nguzo ya uzio. Alipenda kazi hiyo. Alipita mchanga uliogeuka jiwe, wenye alama za mawimbi mafupi kama ngozi ya kaakaa. Akapita tabaka jeusi la tano, ambalo alilijua kama chumba chake cha kulala. Akapita la sita, na mchanga tena juu yake. Mwishowe akalifikia lile jeusi la juu, lenye unene wa mkono, likivuja maji. Akagonga kwa nyundo, kipande kikafunguka kama kurasa, na ndani yake mlikuwa na kombe.

Akatoa lenzi. Akatazama. Akatazama tena.

Wanyama wale, wa ukoo mmoja na ngisi, walikuwa wakibadilika haraka. Kila bahari iliyokuja ilikuja na wa kwake, wenye mistari yao mgongoni, kama shule zenye sare tofauti, na ukiijua sare huwezi kukosea shule. Kombe alizoshika Nóirín zilikuwa na mikunjo miwili miwili kisha nafasi. Hiyo ilikuwa sare ya tabaka la tano.

Akaangalia chini ya miguu yake, na sasa aliuona: mshipa mweupe wa chokaa, mwembamba, ukikata jabali kwa mshazari na kupotelea chini ya nyasi. Ulikuwa ufa. Zama za kale ardhi ilipobanwa, jabali lilivunjika, upande mmoja ukasukumwa ukapanda juu ya mwenzake. Tabaka la saba halikuwepo. Lilikuwa la tano lile lile, limepandishwa juu ya mengine kama mtu aliyehesabiwa mara mbili kwa sababu amebadilisha kiti. Bahari haikuwa imekuja mara ya saba.

"Nóirín!" Sauti ya Sorcha ilipanda ikipeperushwa na upepo. "Umeona chochote?"

Angeweza kujibu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini alipoangalia chini aliona ile kofia ya manjano, uso mdogo ulioinuliwa juu kwa matumaini, na ghafla akaiona friji, akaona lesi, akaona foleni ya duka la nyama. Kitu kikajikaza kifuani mwake, kitamu na kichungu kwa pamoja.

"Tope tu!" akapiga kelele. "Jeusi, kama mengine!"

"Kombe je?"

"Zimeoza. Hazisomeki."

Akazisukuma zile kombe ndani ya mfuko wa koti, akashuka. Sorcha alimkumbatia pale ufukoni, makoti yao yote mawili yakichuruzika maji.

Majira yote ya kiangazi Nóirín aliishi kama mtu mwenye siri ya mapenzi. Alijua kitakachotokea. Mwezi wa Septemba wanajiolojia kutoka nchi mbalimbali wangekutana katika mji wa Kilkee, Sorcha angetoa mhadhara, na kesho yake wote wangeshuka Poulnagarra. Miongoni mwao angekuwepo Wiebke Tammen, mwanamke wa Kijerumani mwenye nywele nyeupe na ulimi mkavu, ambaye alizijua kombe zile kuliko alivyowajua wajukuu zake. Nóirín hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji kunyamaza tu. Kila Sorcha alipomletea chai ofisini, kila alipomsikia akicheka koridoni na wanafunzi ambao zamani walikuwa wakija kwake yeye, alijisemea: subiri Septemba.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa. Mama Peig alikuja na koti lake la misa, akakaa mstari wa mbele, akawaambia majirani wa kulia na kushoto kwamba yule atakayezungumza ni mtoto wa kaka yake. Taa zikazimwa. Ukutani likatokea genge la Poulnagarra, limepigwa picha wakati wa jua, na chini yake kichwa cha kazi, na chini ya kichwa majina.

Yalikuwa mawili. Sorcha Marrinan na Nóirín Talty.

"Kabla sijaanza," Sorcha alisema, "kombe ya kwanza kuokotwa pale haikuokotwa na mimi. Iliokotwa na binamu yangu. Alinionyesha, nami nikamfuata. Nimekuwa nikimfuata mpaka leo."

Watu wakapiga makofi. Mama Peig akageuka, akamtafuta binti yake gizani, uso wote unang'aa. Ajabu ni kwamba Nóirín hakulainika. Alikasirika zaidi. Hata hili! Hata kwa ukarimu Sorcha amemtangulia! Sasa atashukuru vipi, na atachukia vipi? Na jina lake lilikuwa pale ukutani, kubwa, limefungwa kwenye kosa lile kwa fundo moja na jina la Sorcha.

Mhadhara ulipokwisha palikuwa na bia na sandwichi. Angeweza kumvuta Sorcha pembeni. Alijiambia atamvuta akimaliza kuzungumza na yule Mnorwe. Kisha akimaliza na yule mwandishi wa habari. Kisha Mama Peig akaja, akamshika shavu kwa kiganja chake kikavu, akasema, "Leo nimewaona wanangu wote wawili," na Nóirín akaenda kulala bila kusema neno.

Asubuhi upepo ulikuwa umetulia. Kundi lilishuka kwa kamba na ngazi. Sorcha alibaki chini akieleza, akionyesha kwa fimbo. Wiebke Tammen hakusubiri maelezo. Alipanda, polepole, mzee yule, akikataa kila mkono alionyooshewa, na Nóirín akazitazama nyayo zake zikitafuta mahali pale pale alipokanyaga yeye.

Aliporudi chini alikuwa na vipande viwili, kimoja kila kiganja.

"Profesa Marrinan," akasema, si kwa ukali. "Hiki nimekitoa kwenye tabaka la tano. Hiki kwenye la saba. Tafadhali."

Sorcha akachukua lenzi. Kundi lote likasogea karibu. Alitazama cha kwanza, akatazama cha pili, akarudi cha kwanza. Rangi ilimtoka usoni kuanzia midomoni.

"Ni wale wale," akasema.

"Na kuna ufa. Mwembamba, lakini upo. Nani alikagua pale juu?"

Nóirín alisimama hatua chache nyuma. Hiki ndicho alichokisubiri. Alitafuta ule utamu kifuani, akakuta pakavu.

Sorcha hakugeuka kumtazama. "Kosa ni langu," akasema. "Nilikuwa na haraka, na nilitaka yawe saba. Asante, Wiebke. Leo tutaangalia matabaka sita." Na akaendelea na ziara, kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni tu, mpaka mwisho.

Mchana, watu walipokwishapanda basi lao, Nóirín alimkuta ameketi kwenye ukuta wa maegesho, viatu vimelowa.

"Siku ile ya Aprili," Sorcha akasema. "Uliniambia zimeoza."

"Ndiyo."

"Zilikuwa zimeoza?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Kombe za eneo lile huoza kweli, na hakuna ambaye angemshitaki.

"Hapana," Nóirín akasema. "Niliziona vizuri kabisa. Na ufa niliuona."

"Ulitaka nini?" Sorcha akauliza.

"Nilitaka uanguke. Mbele za watu."

"Na jina lako lilikuwa pale."

"Sikujua kama umeliweka."

"Kwa hiyo ungejua ungeniambia? Kwa ajili ya jina lako?"

Usiku uliopita Nóirín alikuwa ameliona ukutani, na bado hakumwambia.

"Mimi sikuogopa kukosea," Sorcha akasema akiinuka. "Kila mtu anakosea. Nilikupa macho yangu, Nóirín. Hayo ndiyo uliyoyatia mchanga." Akaingia garini, akaondoka.

Kilbaha ni mahali padogo. Kabla ya misa ya Jumapili Mama Peig alikuwa ameshasikia, na hakusikia kutoka kwa watu. Nóirín mwenyewe alikwenda kumwambia, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kusifiwa tena. Alimwambia yote akiwa amesimama, hata koti hajavua. Alimwambia na ya lesi.

Mama Peig aliacha kumenya viazi. "Lesi," akarudia, kama mtu anayesikia neno la kigeni. "Ewe mtoto! Lesi ile ilikuwa ya mama yake. Ilitoka kwenye gauni lake la harusi. Ningekushonea wewe lesi ya marehemu wa watu?"

"Hukuniambia."

"Mlikuwa na miaka saba! Ningesema mbele yake, alie siku ya Komunyo?" Akachukua kisu, akakiweka chini tena. "Na hiyo picha ya friji. Nani mwingine katika dunia hii wa kumbandikia picha? Baba yake? Wewe una mimi. Sikujua kama kuna haja ya kukuandikia ukutani kwamba wewe ni wangu."

"Nilihitaji, Mama," Nóirín akasema. "Mara moja moja, nilihitaji."

Mama Peig hakumkumbatia, hakuwa mtu wa kukumbatia. "Basi hapo nimekosa," akasema. "Lakini hilo ni langu na lako. Sorcha hakuwamo. Vua koti, ule, kisha utafute namna ya kuishi na ulichofanya."

Nóirín alimwandikia mkuu wa idara na kumweleza alivyoficha alichokiona. Alipewa onyo, akaondolewa kwenye utafiti ule, na wanafunzi wakanong'ona muhula mzima. Sorcha aliiondoa kazi yake kabla haijachapishwa. Majira ya baridi yote walipishana koridoni kwa salamu ya kichwa. Chai haikuja tena.

Kazi mpya ilitoka mwaka uliofuata. Matabaka yalikuwa sita, na yakiwa sita yalikataa kuingia kwenye mapigo mafupi ya njia ya dunia. Yalilingana, kwa shida na kwa mashaka mengi, na yale mapigo marefu yanayochukua miaka mingi zaidi, na Sorcha aliandika mashaka hayo waziwazi badala ya kuyaficha. Haikumpa sifa ya magazetini. Wiebke Tammen alisema ni kazi ya kuaminika, na wanaomjua wanasema hakuwahi kulisema hilo kwa mtu aliye hai. Jina la Nóirín halikuwemo, na hakutegemea liwemo.

Baada ya dhoruba za Februari simu yake ililia. Alipoona jina kwenye kioo alisita, kisha akapokea.

"Njia ya kushukia Poulnagarra imeporomoka," Sorcha akasema bila salamu. "Nina mwanafunzi mpya, anataka kupima mchanga ulio juu ya tabaka la pili. Kuna njia nyingine?"

"Ipo ya upande wa kaskazini, kupita shamba la kina Lillis. Lakini msiende bila kumwomba mzee, ana fahali mkorofi."

"Anapanda vizuri, huyu msichana. Ana macho makali."

Ukaja pale pale, ule mchomo wa zamani, chini ya mbavu za kushoto, kana kwamba haukuwahi kuondoka. Nóirín alikaa nao kidogo, simu sikioni, akiutambua kama mtu anavyoitambua sauti ya jirani asiyempenda.

"Safi," akasema. "Mwambie mwamba wa kule kaskazini unateleza hata ukiwa mkavu. Na awe na kamba mbili."

"Nitamwambia." Nyuma ya Sorcha ilisikika mvua ikipiga dirisha. "Maji yanakupwa saa ngapi kesho?"

"Saa tano asubuhi."

"Hatutakuhitaji juu," Sorcha akasema. "Lakini mzee Lillis hanipendi tangu nilipomvunjia lango. Ungekuja kuzungumza naye, ingesaidia."

"Nitakuja," akasema Nóirín.